Kabla uvue nguo kwa Airbnb, tafuta kamera kwanza

Wikendi ikifika hapa Nairobi watu wanalipia vyumba vya Airbnb, zile nyumba za kukodi kwa siku chache, Kilimani, Roysambu, Westlands, mtu anatumiwa lokesheni kwa WhatsApp, anachukua funguo kwa soja wa geti, akiingia tu ni TV na kitanda. Jamani naomba tubadilishe hio tabia. Jipe kama dakika kumi uangalie kama kuna kamera, juu picha yako ukiwa uchi ikishaingia kwa magroup hakuna mtu ataweza kuifuta kote.

Kwanza usitegemee programu za simu pekee. Zile za kuskani waifai kama Fing zinakuonyesha vifaa vilivyounganishwa, na ukiona kimeandikwa kamera ama jina la kampuni ya kamera uliza mwenye nyumba ni ya nini. Lakini kamera inaweza kuwa inarekodi kwa memori kadi yake yenyewe, ama inatumia laini ya simu, na hapo programu haitaona kitu. Macho yako na tochi ndio vya kuamini.

Lala kwa kitanda kidogo ujiulize, mtu akitaka kuniona hapa ataiweka wapi? Atatafuta mahali panaonyesha kitanda chote ama mahali pa kuoga, na mara nyingi karibu na stima, kwa sababu kamera ndogo ya betri haikai na chaji sana. Kwa hivyo anza na chaja iliyoachwa kwa soketi, saa ya mezani inayoangalia kitanda, balbu yenye umbo haulielewi, dekoda, ruta. Korea Kusini mwaka 2019 polisi walishika watu waliorekodi wageni karibu 1,600 kwenye vyumba 42 vya moteli na kuwaonyesha mtandaoni laivu, na kamera zilikuwa ndani ya maboksi ya TV, soketi za ukuta na vishikilio vya draya ya nywele, vitu hakuna mtu huangalia mara mbili. Kitambua moshi darini ni kitu cha kawaida, lakini kikiwa ndani ya bafu nashuku mara moja, juu mvuke wa maji moto ungekifanya kilie ovyo kila mtu akioga.

Sasa tochi, na hapa usiharakishe. Funga pazia, zima taa zote, shika simu kando ya jicho lako kabisa, karibu iguse shavu, juu mwanga ukigonga lenzi unarudi kule ulikotoka na wewe ndio unafaa kuwa hapo. Pitisha polepole kwa kila kifaa, kisha urudie ukiwa umesimama pembe ingine. Lenzi inatoa kadoa kadogo kakali, saa zingine ka bluu ama zambarau, kanatokea hata kwa tundu la milimita moja hivi, ilhali skrubu inang'aa tu kizembe. Ukiona hako kadoa mahali hapafai kuwa na glasi, sogea karibu uangalie vizuri.

Bado kukiwa giza fungua kamera ya mbele ya simu uzunguke nayo, juu kamera za usiku hutoa mwanga macho hayaoni. Ipime kwanza na rimoti ya TV, ielekeze kwa kamera ubonyeze, ukiona mwanga mdogo kwa skrini basi simu yako inaweza. Usipoona kitu haimaanishi chumba ni safi, kuna kamera hazina huo mwanga, ndio maana tochi inakuja kwanza.

Airbnb wenyewe walikataza kamera zote ndani ya nyumba tangu 30 Aprili 2024, hata sebuleni. Shida ni kwamba hapa Nairobi wengi wetu tunabuku moja kwa moja na hosti kupitia Instagram ama WhatsApp, na huko hio sheria yao haikufikii. Uliza kwa meseji kabla utume pesa kama kuna kamera yoyote ndani, upate jibu la kuandikwa, na uhifadhi.

Ukipata moja usiichomoe wala kuigusa. Ifunike na taulo bila kuishika, lakini piga picha na video kwanza ikiwa palepale, uonyeshe na chumba chenyewe. Usimkabili mwenye nyumba ukiwa peke yako, beba vitu zako utoke, alafu uende kituo cha polisi kilicho karibu. Katiba kifungu cha 31 inakupa haki ya faragha, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inamfunga anayesambaza picha za uchi za mtu hadi miaka 2 ama faini ya hadi shilingi 200,000, ama zote mbili. Malalamiko ingine unaweza kupeleka kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Polisi wakikwambia mkaongee na mwenye nyumba mmalizane, kataa kwa heshima na uombe namba ya OB, kile kitabu polisi huandika ripoti, ni bure, na usiondoke pale kwa kaunta kabla uandikiwe.