Namna ya Kujijenga Kitaaluma Katika Utafiti wa Kumbukumbu na Afya ya Akili ya Wakimbizi

Ukitaka kuifanya kumbukumbu ya wakimbizi kuwa uwanja wako wa utafiti, anzia maabara kabla ya kwenda kambini. Katika miaka ya shahada ya umahiri, jifunze kwa kina namna kumbukumbu ya mtu yeyote inavyofanya kazi: kwamba kila tunapokumbuka tukio tunalijenga upya, na kwamba neno moja la muulizaji laweza kugeuza jibu. Elizabeth Loftus na John Palmer walilionyesha hilo mwaka 1974, pale watu waliotazama filamu za ajali walipokadiria mwendo mkubwa zaidi kwa kuulizwa kuhusu magari "yaliyobamizana" kuliko "yaliyogusana". Asiyelijua hili atawahoji wakimbizi vibaya, na madhara yake yatamwangukia mkimbizi.

Kwa shahada ya uzamivu, tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa saikolojia ya utambuzi na mwingine anayetibu watu wenye kiwewe, kisha chagua swali moja jembamba. Mfano bora ninaoujua ni utafiti wa Jane Herlihy na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka 2002. Waliwahoji wakimbizi 27 kutoka Kosovo na 16 kutoka Bosnia mara mbili kuhusu matukio yaleyale, mahojiano hayo yakiachana kwa muda wa wiki 3 hadi 32. Uchague washiriki wako kwa busara kama yao: watu hao walikuwa wameshapewa haki ya kuishi nchini humo, hivyo hawakuwa na sababu ya kutunga lolote, na bado maelezo yao yalitofautiana, hasa katika mambo ya pembeni kuliko kiini cha tukio. Kwa wenye dalili nyingi za kiwewe, tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano ulivyorefuka. Hapa ndipo uzito wa kazi hii ulipo, kwa kuwa mwomba hifadhi anaweza kukataliwa kwa sababu tu maelezo yake ya pili hayakulingana na ya kwanza.

Andaa vipimo vyako mapema. Kipimo kimoja kinachofaa, kilichotumiwa na Mark Williams na Donald Broadbent mwaka 1986, humpa mtu neno kama "furaha" na kumtaka ataje tukio moja la siku moja. Akijibu, "Nilikuwa nikifurahi kila tulipokwenda kwa bibi," hilo ni jibu la jumla. Akisema, "Siku dada yangu alipoolewa, mvua ilitukuta njiani," hilo ni tukio mahususi. Majibu ya jumla huwa mengi kwa watu wenye sonona au kiwewe, kwa hiyo yahesabu kwa uangalifu na umpe mtu wa pili ayapange upya bila kuyaona matokeo yako. Usidhani dodoso la Kiswahili cha Dar es Salaam litaeleweka vilevile katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako wengi wanazungumza Kiswahili cha Kongo. Lijaribu kwanza na wazungumzaji wa huko, kisha urekebishe.

Vibali huchukua muda, basi viombe mapema: kwa Tanzania utahitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ya kuingia kambini.

Siku ya mahojiano, mweleze mshiriki kinagaubaga, kabla hajatia saini, kwamba majibu yake hayataingia katika faili lake wala kumsaidia kuhamishiwa nchi nyingine, na umwombe akurudishie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Mkalimani asiwe jirani yake wala mtu wa upande aliokuwa akiukimbia. Hakikisha pia kuna mshauri nasaha wa kumpokea atakayezidiwa; utafiti wa Frank Neuner na wenzake kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia huko Nakivale, Uganda, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba hata washauri wasio wataalamu, wakifunzwa vizuri, wanaweza kupunguza dalili za kiwewe.

Makala ya kwanza ikishachapishwa, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa lugha nyepesi, uwapelekee washiriki pamoja na maofisa wanaosikiliza maombi ya hifadhi, na uyasikilize maswali yao kabla ya kuandika pendekezo la utafiti unaofuata.