Kufunua ncha ya mche wa nyanya uone jani linavyoanza

Chagua mche wenye majani halisi manne au matano. Yale mawili ya mbegu usiyahesabu. Andaa wembe mpya, sindano mbili nyembamba, kitambaa kibichi na hadubini ya kukuza mara 40. Lenzi ya mkono haitakufikisha mwisho.

Hatua ya 1. Kata ncha ya shina, kama sentimita mbili, uilaze juu ya kitambaa. Ikikauka inasinyaa, kwa hiyo usichelewe.

Hatua ya 2. Toa majani moja moja kuanzia nje, ukikata kikonyo karibu kabisa na shina. Usivute, utang'oa na kilichojificha chini yake. Kila jani limekaa takribani nyuzi 137 kutoka lililotangulia. Huko ndani kumejaa vinyweleo. Visukume pembeni kwa sindano.

Hatua ya 3. Mwisho utakuta kituta kinachong'aa, hata nusu milimita hakifiki, kimezungukwa na vinundu viwili vitatu. Jeni zenyewe, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli, huzioni, ila kazi yake ndiyo hii. Ndani ya kituta jeni za kundi la KNOX zinafanya kazi, na seli zinabaki changa. Kinundu huanza pale homoni ya oksini inapokusanyika, ikisukumwa na protini PIN1. Hapo KNOX huzimwa na seli zinashika njia ya kuwa jani. Watafiti waliwahi kuzuia msafara huo wa oksini kwenye nyanya kwa kemikali ya NPA: shina likarefuka tupu kama msumari. Walipopaka oksini kidogo ubavuni, jani likachipua pale pale palipopakwa.

Hatua ya 4. Hapa tulia. Tazama kingo za jani changa lililokua kidogo: vijinundu unavyoviona ndivyo vijani vitakavyoligawa jani la nyanya. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara ambao jani lake ni moja zima, KNOX haziwaki tena ndani ya jani. Kwenye nyanya huwaka upya, na kingo zinapata muda wa kuzaa vijani. Nyanya zilipopandikizwa jeni ya mahindi ya Knotted1, mojawapo ya KNOX, na kuifanya iwake kupita kiasi, jani moja lilitoa mamia ya vijani.

Hatua ya 5. Kata jani changa kimshazari. Upande unaokitazama kituta unaongozwa na jeni za kundi la HD-ZIP III, wa nyuma na jeni za kundi la KANADI. Upande mmoja ukikosa jeni zake, jani hutoka mviringo kama sindano, bila ubapa.

Kipande kikichanika, chukua mche mwingine. Ndiyo maana mimi huotesha trei nzima.