Kumlisha kwa mrija mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo

1. Kwanza tazama uso. Weusi kuzunguka macho, michubuko nyuma ya masikio, au majimaji maangavu kama maji yanayotoka puani au sikioni ni dalili kwamba sakafu ya fuvu huenda imevunjika. Hapo mrija usipitishwe puani, kwa sababu unaweza kuingia kwenye ubongo. Upitie mdomoni.

2. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45. Kama mgongo haujathibitishwa kuwa mzima, inamisha kitanda chote bila kumkunja. Shingo inyooke, ikipinda, damu hairudi vizuri kutoka kichwani na shinikizo ndani ya kichwa hupanda.

3. Hakikisha mrija uko tumboni, kila mara kabla ya kulisha. Mgonjwa aliyepoteza fahamu anaweza asikohoe hata mrija ukiwa mapafuni, kwa hiyo utulivu wake si ushahidi. Kusukuma hewa na kusikiliza tumbo acheni kabisa: mlio husikika hata mrija ukiwa pasipo pake. Mrija mpya upigwe eksirei. Baada ya hapo, angalia kama alama ya plasta puani au mdomoni haijasogea, vuta majimaji kwa bomba la sindano la mililita 50, pima kwa karatasi ya pH (kipimo cha asidi). Ikisoma 5.5 au chini, endelea. Hakuna kinachotoka? Mlaze ubavu wa kushoto, sukuma hewa mililita 10 hadi 20 kuzibua tu, subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena. Ikisoma juu ya 5.5, huenda ni omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) au chakula kilichopita. Subiri saa moja, rudia. Bado? Usilishe, omba eksirei.

4. Kama presha imetulia, anza ndani ya saa 24 hadi 48: mililita 50 kila saa tatu, ukipanda taratibu hadi 200 au 300. Lengo kwa siku ni kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, na protini gramu 1.5 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini gramu 90, na uji mtupu wa ulezi haufiki huko. Weka maziwa, yai lililoiva na mafuta, saga, chuja. Kijiko cha unga wa kimea huulainisha uji mzito bila kuongeza maji; uchemshe tena kidogo. Chakula kishuke chenyewe, usikisukume. Maji mililita 30 kabla na baada, la sivyo mrija utaziba.

5. Fenitoini, dawa ya kuzuia degedege, hushikana na chakula na degedege hurudi. Simamisha kulisha saa moja hadi mbili kabla na baada ya dozi, kisha fidia kiasi kilichopotea.

6. Abaki ameinuliwa dakika 30 hadi 60. Pima sukari kila saa nne hadi sita. Choo kikikosekana siku tatu, mjulishe daktari. Kujikamua hupandisha shinikizo kichwani.

Ndugu wakitaka kumwonjesha chai, wakatalieni kwa upole mpaka awe macho na umezaji wake upimwe.