Kumbishia mtu mapacha wa Einstein bila kugombana

Kwenye kibanda changu cha saa hapa sokoni Kibuye, Kisumu, ubishi wa mchana ni siasa na Gor Mahia, na wanafunzi wa chuo wakija kubadilishiwa betri, basi ni Einstein: eti pacha anayesafiri kwa kasi kubwa mno hurudi akiwa mdogo kuliko mwenzake aliyebaki nyumbani. Huu wa mwisho ndio unaoharibika upesi, maana kila mtu hutamka "muda" bila kusema ni muda wa saa ipi. Kwa hivyo sharti la kwanza: ukisema muda, taja mwenye saa. Asiyetaja, mnyamazishe kwa upole.

Sharti la pili ni kuwa na kalamu. Chukua kile kitendawili ambacho Mfaransa Paul Langevin alikisimulia mwaka 1911 akitumia msafiri mmoja. Sisi huku tuna Apiyo na Adongo tayari, majina ya Kijaluo ya mapacha wa kike. Apiyo anabaki Kisumu. Adongo anaondoka kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru hadi nyota iliyo umbali wa miaka 4 ya nuru, yaani umbali ambao nuru huumaliza kwa miaka 4, anageuza palepale, anarudi. Saa ya Apiyo inaonyesha imepita miaka 10, ya Adongo 6.

Mpinzani ataruka: "Kwa Adongo, ni Apiyo aliyekuwa akienda zake! Mbona asiwe Apiyo aliye mdogo?" Hoja hiyo ni nzuri, usiicheke. Wala usijibu kwa "Einstein alisema", hapo umeshindwa.

Mwambie kila pacha atume ujumbe wa redio kila mwaka unapotimia kwa saa yake mwenyewe. Wakiachana, kila mmoja hupokea ujumbe mmoja kwa miaka 3. Wakikaribiana, hupokea 3 kwa mwaka. Mpaka hapo hakuna anayependelewa. Sasa mhesabu pamoja, taratibu. Adongo, kwa saa yake, anaenda miaka 3 na kupokea ujumbe 1, kisha anarudi miaka 3 na kupokea 9. Jumla 10. Apiyo je? Adongo anageuza katika mwaka wa 5 wa Kisumu, lakini ishara ya kwamba amegeuza huchukua miaka 4 kufika. Basi kwa miaka 9 Apiyo anapokea ujumbe kwa ule mwendo wa pole, yaani 3, na mwaka wa mwisho unamletea 3 mingine. Jumla 6. Adongo anaona mambo yakibadilika katikati ya safari yake. Apiyo anayaona mwishoni kabisa. Mapacha hawakuwa sawa tangu pale mmoja alipogeuza.

Kuna atakayedai ni ule mtikisiko wa kugeuza uliomlia Adongo miaka. Mwambie aongeze umbali mara mbili na kugeuza kubaki vilevile: pengo linatoka miaka 4 hadi 8. Kugeuza hutuonyesha nani alibadili mwendo, si kiasi cha pengo.

Mwingine atasema saa ya Adongo ilikuwa mbovu. Hapo mimi huingilia kama fundi. Ningeifungua nisikute kitu, maana nywele na njaa ya Adongo vimekwenda sawa na mshale wake.

Akitaka ushahidi, mpe mwaka 1971: wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomu, zilizo sahihi kupita kiasi, duniani kwa ndege za abiria, kisha wakazilinganisha na zilizobaki ardhini. Zilizoelekea mashariki, dunia inakozungukia, zilichelewa kwa takriban nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde), za magharibi zikatangulia kwa takriban 273. Mvutano wa dunia nao huchelewesha saa, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyochelewesha kidogo, ndiyo maana saa za setilaiti za GPS, licha ya mwendo wao, zingetangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38 hivi (sehemu za milioni za sekunde) kila siku zisiporekebishwa.

Mwisho, jihadhari na mtego wa Maseno. Mwaka 1905 Einstein aliandika kwamba saa iliyo ikweta itaenda polepole kuliko iliyo kwenye ncha ya dunia. Mjanja atauliza kama saa za Maseno, palipo na alama ya ikweta, zinachelewa. Mjibu kwamba dunia imevimba ikweta, na athari ya mvutano hufuta ile ya mzunguko, kwa hivyo kwenye usawa wa bahari saa hizo zinakwenda sawa. Einstein hakuwa na nadharia yake ya mvutano hadi 1915. Ila Maseno iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na saa ya huko huitangulia ya Mombasa kwa nanosekunde 14 hivi kwa siku. Hakuna saa ninayouza itakayokuonyesha hilo.