Dereva Kahukumiwa, Fidia Yako Iko Wapi? Maelekezo ya Trafiki Mstaafu

Tangu nivue ile sare nyeupe ya trafiki, watu wananifuata nyumbani Kihonda, hapa Morogoro, na swali lilelile: "Shikamoo afande. Dereva kahukumiwa, sasa fidia yangu naichukua wapi?" Nikishaitikia marahaba, nauliza na mimi: ulidai? Hapo wengi wanabaki kuniangalia. Wameenda mahakamani kutoa ushahidi, wamemwona dereva kizimbani, wamemsikia hakimu akimtoza faini, wakaamini sehemu ya hiyo faini ni yao. Faini ni ya Serikali. Mgonjwa haimhusu hata senti.

Ajali moja inazaa mambo mawili. La kwanza ni kesi ya jinai, Jamhuri dhidi ya dereva, na humo wewe ni shahidi tu. La pili ni madai yako mwenyewe dhidi ya dereva na mwenye gari, ambayo kwa kawaida hulipwa na kampuni ya bima. Hili la pili halianzi mpaka ulianzishe. Ni kweli sheria inamruhusu hakimu wa kesi ya jinai kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyeumia, na unaweza kumkumbusha mwendesha mashtaka aliombe hilo kabla adhabu haijatolewa. Lakini usikae ukilitegemea.

Barabarani, kabla magari hayajaondolewa

Mtu akiumia, hospitali kwanza. Mahututi anapokelewa, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inafuata. Kama mko ndugu wawili, mmoja aende na mgonjwa, mwingine abaki na gari, na huyu anayebaki ndiye mwenye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Apige picha namba za gari. Kwenye lori apige namba ya kichwa na namba ya tela, kwa sababu ni mbili tofauti, na mara nyingine hata wamiliki ni wawili. Apige alama za breki kwenye lami, vioo vilivyomwagika, na mahali gari liliposimama. Breakdown ikishavuta gari pembeni, yote hayo yanabaki kuwa maneno ya mtu dhidi ya mtu.

Kwenye barabara yetu hii ya kwenda Iringa na Tunduma yanapita malori mengi ya Zambia na Kongo. Ukigongwa na lori la nje usikate tamaa. Muulize dereva kadi ya njano ya COMESA na uipige picha pande zote. Ile ndiyo bima yake ya kuvukia mipaka, na Tanzania, ingawa ilijitoa COMESA, imebaki kwenye mpango huo. Madai yanafanyiwa kazi hapahapa nchini, huhitaji kufunga safari ya Lusaka.

Kisha chukua namba za simu za mashahidi, na usichukue za abiria peke yao. Abiria ni watu wa safari, kesho wako Mbeya. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara na kijana wa kuziba pancha ndio utakaowakuta palepale hata mwaka ujao.

Bahasha ya tajiri

Siku ya pili au ya tatu, mwenye gari, yule ambaye dereva humwita tajiri, atafika wodini na matunda na bahasha. Atazungumza kwa upole. "Mama, haya mambo tuyamalize kifamilia, ukienda kwenye bima utazungushwa." Wengine wana nia njema kabisa. Pokea msaada wa matibabu, sikukatazi, mgonjwa anahitaji dawa leo. Lakini iandikwe hivyo: tarehe, kiasi, na maneno "msaada wa matibabu". Usisaini karatasi yoyote inayosema huna madai zaidi, hata ikiwa imeandikwa kwenye daftari la shule na kushuhudiwa na balozi wa nyumba kumi.

Namkumbuka kijana wa bodaboda aliyepokea laki tatu akasaini kwamba wamemalizana. Mguu ulionekana umeteguka tu. Picha iliyofuata ikaonyesha mfupa umepasuka karibu na goti, ukahitaji kufungwa vyuma. Tajiri hakupokea simu tena, na karatasi alikuwa nayo yeye.

Kituoni, yaani jalada lako

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipofanyia kazi, na ndipo madai mengi yanapofia.

PF3 ni bure. Daktari akishaijaza, isome kabla hujairudisha, na utoe nakala. Kama umevunjika mkono na umepasuka kichwa, na fomu inataja mkono peke yake, mrudie daktari siku hiyohiyo. Kampuni ya bima ikiona jeraha limetajwa miezi sita baadaye itauliza limetoka wapi, na kwa kweli nami ningeuliza.

Halafu kuna ramani ya eneo la ajali. Nimechora nyingi, nyingine usiku kwa mwanga wa tochi huku magari yakipita. Ramani inaonyesha upana wa barabara, magari yalikotoka na, kikubwa zaidi, mahali mgongano ulipotokea. Ukiweza kusimama, au ndugu yako aliyeona akiwepo, mwonyesheni askari hapo mahali kwa mguu, msionyeshe kwa kidole kutoka mbali. Kama wewe uligongwa ukiwa nje ya lami na alama imewekwa katikati ya barabara, sema palepale, kabla jalada halijaenda kwa mwendesha mashtaka. Hiyo hatua moja au mbili ndiyo itakayoamua kama uligongwa au "uliingia barabarani ghafla".

Kutoka kwenye jalada utahitaji taarifa za polisi kwa ajili ya bima, yaani PF 90 na PF 115, nakala ya ramani, na ripoti ya mkaguzi wa magari. Kesi ikiisha, ongeza hati ya mashtaka na nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Omba kwa barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, DTO, taja namba ya jalada, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maombi ya mdomo yanasahaulika askari anapohamishwa kituo, na trafiki wanahamishwa sana.

Ile hukumu usiidharau. Dereva akitiwa hatiani, na muda wa rufaa ukapita bila rufaa, mahakama ya madai inaichukua kuwa ushahidi kamili kwamba alitenda kosa hilo. Hutaanza tena kubishana nani alikuwa na haraka. Kitakachobaki ni hesabu.

Bima ndogo inakuhusu wewe

Watu wananiambia, "Lile gari lina bima ndogo tu, hakuna kitu pale." Si kweli. Bima kubwa inamsaidia mwenye gari kutengeneza gari lake. Bima ndogo ndiyo ile inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na imewekwa kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na gari: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, abiria wa daladala aliyelipa nauli yake. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima (TIRA), kwa simu yako, utaona kampuni na kama bima ilikuwa hai siku ya ajali. Fanya hivyo mapema, piga picha ya skrini.

Bima ikiwa imekwisha, bado dereva na mwenye gari wanashtakiwa. Tatizo ni kukamata mali, na kesi ya namna hiyo nakushauri uongee na wakili kwanza ujue kama inalipa gharama zake.

Kwa abiria wa bodaboda: kama mlikuwa mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki, au huna kofia na umeumia kichwa, tarajia kukatwa. Watasema na wewe ulichangia. Haimaanishi huna haki, ila usidanganye kwenye maelezo, maana PF3 na ramani vitakuumbua.

Kuipiga hesabu

Fidia ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni pesa iliyotoka mfukoni au iliyopotea, na hili linathibitishwa kwa karatasi: risiti za dawa, vipimo, magongo, nauli ya kwenda kliniki. Bodaboda hatoi risiti, najua. Weka daftari, andika tarehe, safari na kiasi, naye asaini na kuweka namba yake ya simu.

Kipato ndicho kinachowashinda wengi. Mama mmoja muuza mboga aliniambia, "Afande, mimi sina hati ya mshahara, nitathibitisha nini?" Tukakaa tukatafuta. Alikuwa na kitabu cha VICOBA, kikundi chao cha kuweka akiba, kinachoonyesha hisa alizonunua kila wiki, taarifa ya miamala ya simu aliyokuwa akiwalipia wakulima wa Mgeta, na risiti za ushuru wa soko. Barua ya serikali ya mtaa ikaongezwa juu. Ukiweka pamoja, mtu anaona biashara ilikuwepo na ikasimama tarehe fulani.

Fungu la pili ni maumivu, ulemavu, na maisha yaliyopungua. Hili hakimu analikadiria, akiangalia ripoti ya daktari. Kwa hiyo pata ripoti ya daktari bingwa wa mifupa, kwenye hospitali ya rufaa au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, inayotaja kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Usiikimbilie mfupa ukiwa haujaunga, na usikubali malipo ya mwisho kabla ya kuipata.

Barua, ofa, na watu wa korido

Peleka barua ya madai kwenye kampuni ya bima, nakala kwa mwenye gari. Toa nakala za nyaraka, asili baki nazo, chukua muhuri wa kupokelewa. Ofa ya kwanza huwa ya chini. Ni biashara, usikasirike, jibu kwa barua ukieleza kipi hawakukihesabu. Mkifika bei watakupa hati ya kukubali malipo na kuachilia madai, na mara nyingi iko kwa Kiingereza. Itafsiriwe yote na mtu asiye wa kampuni kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwa sababu ukishasaini umefunga mlango.

Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu, unaweza kulalamika TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako hulipi kitu. Mahakama ni njia nyingine: Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambako mtapitishwa kwanza kwenye usuluhishi. Unaowashtaki ni dereva na mwenye gari, na kampuni ya bima unaipa taarifa ya maandishi kabla hujafungua. Ukiruka hiyo taarifa, unaweza kushinda kesi halafu bima ikakataa kulipa hukumu. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo mambo yako utayasikia.

Kuhusu wakili, kuna vijana wanazunguka wodi za majeruhi wakiwa na fomu tayari, "saini hapa mama, sisi tunafuatilia kila kitu." Hao ni vishoka. Mwombe mtu jina lake kamili na namba ya uwakili, mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kama yupo na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Makubaliano ya malipo yawe kwa maandishi. Malipo ya bima yaingie kwenye akaunti yenye jina lako. Nasisitiza hili kuliko yote niliyoandika kuhusu mawakili.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa walio karibu nawe. Hawatasimama mahakamani kama wakili, ila barua ya madai na kupanga nyaraka wanavijua vizuri.

Ukiwa dereva, utingo au mfanyakazi yeyote uliyeumia ukiwa kazini, una mlango mwingine kabisa: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko huulizwi nani mwenye kosa. Mwambie mwajiri mara moja, atoe taarifa, na madai yasipite miezi 12. Na kama aliyepata ajali amefariki, familia ianze Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi, kwa sababu bima itaomba barua ya uteuzi wake kabla ya kusoma nyingine yoyote.

Muda wa kufungua kesi ya madai ya kuumizwa ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Kesi ya jinai kuchelewa haisimamishi hiyo saa, wala barua mnazoandikiana na bima. Kama ajali yako imeshapita miaka miwili na nusu, acha kunisubiri mimi au DTO au tajiri: kesho asubuhi nenda kwa wakili na PF3 yako, nyaraka nyingine zitamfuata hukohuko.