Kitabu cha Pili cha Fantasia ya Ngano za Kichina: Anza na Deni

Waandishi wengi huanza kitabu cha pili kwa kutafuta zimwi kubwa kuliko la kwanza, na hapo ndipo hadithi inapolegea. Aliyemaliza kitabu cha kwanza anangoja kujua nani atalipa. Katika ngano za Kichina kila neema ina bei yake: Chang'e alimeza dawa ya kutokufa, akapaa hadi mwezini, akabaki huko bila mumewe Hou Yi.

Chukua daftari la kurasa 96. Soma upya kitabu chako cha kwanza kalamu mkononi, uandike kila ahadi, kila kilichoazimwa na kila aliyedhulumiwa, pamoja na namba ya ukurasa. Ukipata madeni chini ya kumi, umesoma haraka, rudia. Kisha chagua deni moja libebe kitabu kizima na mawili ya kulisindikiza. Yaliyobaki yalipwe kwa sentensi mojamoja njiani.

Mfano mzuri umo katika Safari ya Magharibi, riwaya iliyochapishwa 1592. Mfalme wa Jade, mtawala wa mbinguni, anamwamuru joka wa Mto Jing anyeshe mvua ya chi tatu, cun tatu (vipimo vya urefu vya Kichina) na matone 48. Joka amewekeana dau na mpiga ramli, kwa hiyo anachelewesha mvua na kuipunguza ili ashinde. Anahukumiwa kukatwa kichwa. Mfalme Taizong wa China anamwahidi kumwokoa, anashindwa, na mzimu wa joka unamdai mpaka anashuka kuzimu. Safari ndefu ya kwenda kuleta maandiko matakatifu inatokana na ahadi hiyo iliyovunjika. Tazama pia yale matone 48: hesabu kamili ndiyo inayomfanya msomaji aamini kwamba mbinguni kuna ofisi.

Sasa tuseme shujaa wako ni Adhiambo, muuza omena wa Dunga, Kisumu, aliyeazima mvua kwa joka. Kishawishi kitakujia cha kumfanya joka huyo ndiye yule mwanamke wa ziwani aliyemtajirisha Nyamgondho, mvuvi wa ngano za Waluo, kisha akarudi majini na ng'ombe wote nyuma yake baada ya kutukanwa. Usiwachanganye. Yule mwanamke aliondoka kwa sababu alivunjiwa heshima. Joka wa Kichina ni mtumishi wa serikali ya mbinguni, ana mkubwa wake na ana amri. Wakutanishe kama majirani wanaogombania ziwa moja. Ugomvi huo unatosha sura mbili nzima.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, kagua kanuni. Joka wa Kichina huleta mvua. Akianza kutema moto, umeshaingia ngano za Ulaya. Siku moja mbinguni ni mwaka duniani, hivyo kesi ya siku tatu humkuta mtoto wa miaka mitano aliyeachwa Dunga akiwa na minane, na meno ya mbele yameshabadilika. Chora mistari miwili sambamba daftarini, wa mbinguni na wa duniani, la sivyo umri utakuumbua. Usiku wa sikukuu ya mwezi ni tarehe 15 ya mwezi wa nane wa Kichina, yaani Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu, tarehe 15 mwezi ni mpevu, basi usimfiche mwizi gizani usiku huo.

Majina nayo yana mtego. Jina la ukoo hutangulia: Wei Zheng, waziri wa Taizong aliyemkata joka kichwa, ni wa ukoo wa Wei. Na msomaji wetu akiona Chang'e ataona ng'e mwishoni. Ile alama inatenga silabi, Chang kisha e. Mwonyeshe mapema, mhusika mmoja akilitamka polepole. Aliye karibu na Nakuru anaweza kuuliza matamshi katika Taasisi ya Confucius, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro.

Usifungue kwa kurasa tatu za muhtasari. Liweke deni kwenye kitu kinachoonekana:

“Adhiambo alitandaza omena juu ya wavu mkuukuu. Tone moja likatua kiganjani mwake, na mbingu haikuwa na wingu. Akahesabu: thelathini na tisa. Yamebaki tisa.”

Mpe sura hiyo mtu ambaye hakusoma kitabu cha kwanza, umuulize nani anamdai nani. Akikosa jibu, andika upya ukurasa wa kwanza. Maelezo ya kuongezea katikati hayatamsaidia.