Mbwa wangapi, na wa mbegu gani, kwa kiwanja cha Mwanza

Kabla hujaulizia bei ya mtoto wa mbwa, zunguka ukuta wako kwa ndani, hatua kwa hatua, ukiangalia mawe. Ukuta wa mita 2 unawazuia mbwa wengi. Lakini jiwe la kupandika lenye kimo cha mita moja likiwa mita moja na nusu kutoka ukutani, mbwa anarukia kutoka juu ya jiwe, na ule ukuta wa mita 2 unabaki mita moja tu. Nyumba nyingi za Mabatini, Igogo, Isamilo na Bugando zimejengwa zikipanda mlima, na mwenye nyumba anapima ukuta kwa nje, upande wa mwizi, akisahau upande wa mbwa. Dawa yake ni mbili: ama uzungushie jiwe lenyewe wavu mbwa asilipande, ama uongeze juu ya ukuta, sehemu hiyo tu, wavu wa upana wa sentimita 50 ulioinamia ndani.

Kwenye viwanja vya tambarare vya Buswelu, Nyamhongolo, Kisesa au Usagara shida iko chini. Uzio wa minyaa hauna nguvu kwenye mashina. Mbwa anachimba kidogo, analala ubavu, anapita. Chimbia wavu sentimita 30 kwenda chini kufuata mstari wa uzio, na ukunje ncha yake kuelekea ndani. Utomvu wa minyaa nao unaunguza macho, kwa hiyo usimfunge mbwa karibu na uzio huo.

Tunaanza na ukuta kwa sababu karibu kila balaa la mbwa wa mjini linaanzia nje ya geti: kichaa, kugongwa na bodaboda, mimba zisizotakiwa, uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, kuku wa jirani, mtoto wa shule aliyeumwa. Kama ukuta hauzuii, idadi sahihi ya mbwa kwako kwa sasa ni sifuri. Tengeneza kwanza.

Nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na bomba moja, tunakushauri usifuge kabisa. Kwa majirani Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na mbwa anayeramba ndoo au kugusa nguo zilizoanikwa anawaletea watu usumbufu wa kweli, si chuki. Hata ukiwa na ua wako peke yako, nenda ukawaambie majirani kabla mbwa hajafika. Waambie atalala wapi, na usiku geti litakuwa limefungwa.

Hesabu ya sufuria

Watu wengi wanapiga hesabu ya kununua, wachache wanapiga hesabu ya kulisha. Chakula kinachowezekana Mwanza kwa bei ya kawaida ni dona na dagaa wa ziwani. Kwa mbwa mzima asiye na mimba wala asiyenyonyesha, kwa siku, vipimo vikiwa vya vitu vikavu kabla ya kupika:

Mbwa wa kienyeji wa kilo 18: dona gramu 200, dagaa gramu 80.
German Shepherd wa kilo 32: dona gramu 280, dagaa gramu 150.
Rottweiler wa kilo 45: dona gramu 380, dagaa gramu 200.
Boerboel wa kilo 65: dona gramu 500, dagaa gramu 250.

Zidisha kwa siku 30, kisha weka bei ya duka lako. Rottweiler mmoja anakula kilo 11 na zaidi za dona na kilo 6 za dagaa kwa mwezi. Chakula hicho kinakaribia kutosha mbwa wa kienyeji wawili: dona inapungua kidogo tu, na dagaa wanabaki. Kitoto kinachokua kinahitaji karibu mara mbili ya mbwa mzima kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo usidanganyike na udogo wa umbo. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta na mchicha kiganja kimoja. Gawa chakula mara mbili kwa siku. Mbwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd na Rottweiler, wakila chote kwa mkupuo kisha wakakimbia, tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota, na hapo anakufa ndani ya saa chache asipopasuliwa.

Dagaa wa kuanikwa mchangani waoshwe mara mbili, kwani mchanga unasaga meno na kuziba utumbo. Faida yao kubwa ni kwamba wanaliwa na mifupa yao. Kitoto kinacholishwa ugali mtupu, au hata nyama tupu, kinakosa madini ya mifupa na kinapata matege. Akipata dagaa wa kutosha, usimwongezee tena unga wa chokaa ya mifupa, hasa kwa mbegu kubwa, maana ikizidi nayo inaharibu viungo.

Mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, ni nafuu na mbwa wanayapenda, ila mfupa wa mgongo wa sangara na miiba ya mapezi vinakwama kooni. Yachemshe muda mrefu, chambua nyama, pikia ugali kwa ule mchuzi, mifupa mikubwa uitupe mahali asipofika. Makombo ya mezani yenye vitunguu vingi ni sumu ya polepole: kitunguu kinavunja chembe za damu, na mbwa anaishiwa damu bila mtu kujua sababu.

Maji ni kati ya lita moja na nusu na mbili kwa siku kwa mbwa wa kilo 30, na kiangazi yanazidi hapo. Mtaa unaokatiwa maji siku tatu kwa wiki, hesabu hiyo iingie kwenye simtanki.

Kwa nini wawili, na kwa nini si watatu

Kwa kiwanja cha kawaida cha mjini, anza na mmoja. Ukifikia kuongeza, ishia wawili.

Ulinzi wa nyumba una kazi mbili tofauti, na mbwa mmoja mara chache anazifanya zote vizuri. Ya kwanza ni kusikia na kubweka. Mbwa wa kienyeji hana mpinzani hapo: analala kidogo, anashtuka haraka, anajua mlio wa pikipiki ya mwenye nyumba na ule wa mgeni. Ya pili ni mwili, yaani kuonekana getini na mtu akaghairi. Hiyo ni kazi ya mbwa mkubwa. Wa kienyeji mmoja na mkubwa mmoja wanasaidiana kuliko wakubwa wawili, na chakula kinapungua. Tena wezi hutupa nyama yenye sumu, kwa hiyo wa kubweka alale ndani au barazani kwenye nondo, mahali ambapo nyama haifiki. Mkubwa afundishwe tangu utotoni kula kwenye bakuli lake tu na kwa ruhusa.

Wakifika watatu mambo yanabadilika. Mbwa watatu ni kundi: mmoja akianza kumkimbiza mbuzi au mtoto, wawili wanafuata bila kufikiri, na wawili wanaweza kuungana kumshambulia wa tatu. Watatu wanafaa mwenye shamba Magu au Usagara, mwenye ng'ombe na mtu anayeshinda nao kutwa. Kwenye ua wa mita 20 kwa 20 ambako wenye nyumba wanarudi saa moja usiku, hapana.

Jinsia ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Dume na jike ndio wanaopatana zaidi. Majike wawili wakianza ugomvi huwa hauishi, kila wiki ni jeraha. Jike asiyefungwa kizazi anaingia kwenye joto karibu kila miezi sita, kwa wiki tatu hivi, na madume ya mtaa mzima yatalala getini kwako. Mimba ni siku 63, na uzao mmoja unaweza kuleta vitoto sita hadi nane au zaidi. Ukiweka dume na jike bila kuhasi au kufunga kizazi, hukuamua kufuga wawili. Uliamua kufuga kumi. Gharama ya daktari wa mifugo kwa kazi hiyo iingize kwenye bei ya kununua siku ileile.

Usichukue vitoto viwili kwa pamoja, hata ukibembelezwa kwamba ni ndugu na wataliwazana. Vinashikamana vyenyewe, vinakusikiliza nusu, na vikifika mwaka mmoja na nusu au miwili vinaanza kupigana. Mpishano mzuri ni miezi 18 hadi 24: wa kwanza awe ameshajua sheria za nyumba, wa pili ajifunze kwake.

Mbegu

Kwa wengi wa hapa chaguo letu la kwanza ni wa kienyeji, na la pili ni chotara wa kienyeji na German Shepherd. Wa kienyeji ana manyoya mafupi yanayofaa jua la ziwani, anakula kidogo, na magonjwa ya kupe anayavumilia kuliko wageni. Mtu anayemwita mbwa koko kwa dharau kwa kawaida hajawahi kumlisha vizuri akaona anavyokuwa. Chotara anaongeza umbo na urahisi wa kufundishika, na nyonga zake kwa kawaida hazisumbui kama za German Shepherd halisi.

German Shepherd halisi anafaa mwenye muda wa kumfundisha na kumchana kila siku mbili; ndani ya manyoya yake kupe hawaonekani kwa macho, wanatafutwa kwa vidole, hasa masikioni na kati ya vidole vya miguu. Rottweiler ni mtulivu akilelewa na watu, ila anataka mkono mmoja anaoutambua. Kama anayelisha ni dada wa kazi na kila miezi minne anakuja mwingine, usimchukue. Boerboel, wa Afrika Kusini, ni wa kiwanja kikubwa na mtu aliyekwisha kufuga mbwa wakubwa. Wa pua fupi kama bulldog wanashindwa kupumua joto likipanda, na Husky mwenye koti la theluji tunaona ni kumtesa. Kwa anayetaka mbwa mdogo wa ndani, Japanese Spitz anaweza. Anabweka sana, na manyoya meupe yanataka kazi.

Wauzaji wengi wanauza chotara kwa bei ya halisi. Masikio hayakupi jibu, kwani ya kitoto cha German Shepherd husimama kati ya miezi mitatu na sita. Omba kumwona mama akiwa na watoto wake, tazama anavyotembea: kiuno kinachoyumba nyuma ni dalili ya nyonga mbovu, na watoto watairithi. Mama anayejificha kwa woga au kushambulia bila sababu, ondoka. Usipokee kitoto cha chini ya wiki 8.

Kama kuna mbwa aliyefia kwako kwa kuhara damu, huenda ilikuwa parvo, na kirusi chake kinakaa ardhini mwaka mzima hata zaidi. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa Jik sehemu moja kwenye maji sehemu 30, iachwe dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, kwa hiyo kitoto kisiukanyage mpaka kimalize chanjo. Chanjo za parvo zinaanza wiki ya 6 hadi 8, zinarudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa ni miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Na usimruhusu mtu amchome kitoto ivermectin ya ng'ombe (dawa ya minyoo na wadudu) kwa kukisia kipimo. Wengine wanapoteza fahamu na kufa.

Mnaoishi karibu na mwalo, ongezeni jambo moja: ndoano zenye chambo. Mbwa akimeza na uzi ukaning'inia mdomoni, usiuvute wala usiukate karibu na meno. Mpeleke kwa daktari na uzi wake. Penye matete msimwachie aogelee, mamba wanachukua mbwa.

Kumwingiza wa pili

Siku ya kwanza wakutane nje ya geti, kwenye kamba mbili na watu wawili, watembee sambamba mita tatu mbali kwa dakika 20 hivi, kisha waingie pamoja, mbwa mwenyeji akiwa nyuma. Ondoa kabla bakuli, mifupa na tandiko la mwenyeji. Kila mmoja awe na banda lake la angalau mita 2 kwa 3, sehemu ya kulala ikiinuliwa sentimita 15, mlango usitazame upande unaotoka mvua ya upepo wa ziwani. Wiki mbili za kwanza wasiachwe pamoja bila mtu. Chakula wale mbali, mlango ukiwa umefungwa kati yao, na huo utaratibu wa chakula usiufute hata wakizoeana wakaanza kulala mgongo kwa mgongo.